Mkanda wa Mbeba Bendera

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwa fundi cherehani hapa Morogoro mjini, napunguziwa suruali ya mtumba. Akaingia jamaa wa Mlali, anatembelea magongo mawili. Fundi hata usoni hakumtazama. Ijumaa ni siku ya sadaka, akamnyooshea sarafu.

"Shikamoo, mzee. Mimi nimekuja kushonewa mkanda. Uwe na mfuko mbele, nichomeke mti wa bendera. Mikono yangu ina kazi."

"Bendera ya nani?"

"Ya Tanzania. Kesho tunakwenda nje, michezo ya walemavu. Tuko watatu tu, na mbebaji ni mimi."

"Utaiangusha bendera ya nchi wewe!"

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Fundi akairudisha sarafu mfukoni kama mwizi, suruali yangu akaitupa kando. Mkanda ulipokwisha, wakaujaribu kwa ufagio wa mti mrefu. Jamaa akaenda nao hadi barabarani na kurudi, umesimama wima. Mimi, bingwa wa gwaride la mgambo Morogoro nzima, nakiri sijawahi kwenda vile. Mataifa makubwa yalete ndege nzima ya watu, watatuona!

Fundi, futi kamba shingoni, akaupigia ufagio saluti.