Mtaalamu wa Sonona Asiyekula Ugali

Nilifunga safari ya kijiji cha Kisesa kwa sababu mtaalamu mmoja wa Ulaya alitaka kujua kwa nini kwao sonona imejaa na kwetu, kwa mujibu wa takwimu, haipo. Alihitaji mkalimani. Nami nilikuwa na haja yangu: kijiji kitakachoonekana katika utafiti wake kina huzuni kingepelekewa mshauri wa afya ya akili, na shangazi yangu Kabula alikuwa hapati usingizi tangu mumewe afe maji.

Asubuhi tuliondoka Buhongwa kwa gari lake lenye kiyoyozi. Njiani akanieleza siri ya furaha yetu: jua, samaki na ndugu wengi. Nikamwambia hao ndugu ndio wanaotukosesha usingizi. Alicheka sana, akidhani natania.

Nyumba ya kwanza tuliletewa ugali. Mtaalamu akashukuru, akajishika tumbo, akaanza maswali. "Hatujambo," wakasema. Ya pili vilevile, na ya tatu. Katika Tanzania nzima alichokiamini ni chupa yake ya maji.

Adhuhuri tulifika kwa shangazi. Samaki aina ya sato, wa kuchemsha, alikuwa tayari.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mnawe."

Mtaalamu akakataa kunawa. Akauliza, nami nikatafsiri: je, siku hizi umekosa furaha?

"Furaha ipo," akajibu shangazi, macho kwenye bakuli. "Tunamshukuru Mungu."

Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Wapi! Mtaalamu akabonyeza simu yake, tayari shangazi ni mtu mwenye furaha. Kisha akatoka kupiga picha ng'ombe.

Mimi nikabaki, nikala. Nilipomaliza, shangazi akaanza kulia. Akasema kuna asubuhi anashindwa hata kuwasha moto, na kwamba kuishi kumemchosha.

"Mbona hukumwambia?" nikafoka.

"Mgeni hajatia kitu mdomoni nimpe msiba? Nilikuwa namngoja ale."

Jioni, tukirudi mjini, nilimsihi mtaalamu ageuze gari, akale hata tonge moja. Akasema jibu likishaingia halibadilishwi, na tumbo lake huharibika upesi. Nilitamani kumtukana, lakini hata tusi ningelazimika kumtafsiria.

Mshauri alipelekwa kwingine. Nilichojifunza ni kwamba kwao huzuni humwagwa mbele ya yeyote aulizaye, kwetu husubiri mgeni ashibe. Siku hizi kila Jumamosi niko Kisesa. Nanawa, nakula, shangazi anazungumza. Utaalamu sina. Njaa ninayo.