Kambi ya Majambazi Chini ya Chai Yetu

Kazi yangu ni kutayarisha ramani za mapigano. Nikisema hivyo kanisani watu hunitazama mara mbili, kwa hivyo siku hizi nasema natengeneza michoro ya gemu. Gemu yenyewe huchezwa mezani: mmoja anasimulia hadithi, wengine wanasogeza vijisanamu juu ya karatasi yenye miraba, wanapigana na majambazi au mazimwi mpaka wachoke. Mteja wangu yuko nchi ya baridi na sijawahi kumwona. Huniandikia anachotaka, nami nachora kwa kompyuta, halafu kila ramani naitoa mara mbili: moja ya kuchapishwa, nyingine ya wale wanaocheza kupitia intaneti, kila mtu akiwa kwake.

Ya kuchapishwa inataka nidhamu. Mraba mmoja ni inchi moja, na inchi moja ni futi tano za ardhi ya hadithi. Ramani ikiwa kubwa naikata iwe kurasa za A4, naacha ukingo mdogo wa kubandikia, kisha nachapisha nakala moja nipime kwa rula kabla ya kumtumia mteja. Mashine za kuchapa zina tabia ya kuipunguza picha ili ienee vizuri kwenye karatasi. Mwanamke wa saiba, duka ninalochapishia pale Chepilat, alinichoka mapema. "Si imetoka poa, madam?" huniuliza, nami nimeinama na rula yangu. Imetoka poa, ndiyo, ila kila mraba umepungua kwa unene wa ukucha, na miraba thelathini ikipungua hivyo kurasa hazikutani. Anachapisha tena bila kuniangalia.

Ya intaneti haina rula, ina mistari ya siri. Mahali jicho haliwezi kupita, ukutani au kwenye miti iliyoshonana, nachora mstari ambao mchezaji hauoni, lakini kompyuta inaujua na inamficha yaliyo nyuma yake. Mlango nao unawekewa mstari unaofunguka. Katika ramani moja chai ilinisumbua siku nzima. Mtu akisimama kati ya michai anaona hadi ng'ambo, lakini hebu ajaribu kukimbia humo ndani. Mwishowe niliacha jicho lipite na miguu ikwame, na mteja akaniandikia kwamba hajawahi kuona shamba la namna hiyo.

Chai iliingia hivi. Mteja aliomba kijiji cha mlimani chenye mashamba, kijito, na mahali pa wazi ambapo majambazi wamepiga kambi. Mimi mlima ninaoujua ni mmoja. Nikachora kwetu: barabara juu, nyumba ya baba, nyumba ya kaka yangu mkubwa, boma la ng'ombe, chai ikiteremka, mikaratusi pembeni, nepia ya kulisha ng'ombe, kijito. Chini kabisa, karibu na maji, nikafyeka nepia kwenye mchoro ili majambazi wapate pa kukaa. Nilifyeka bila kufikiri sana. Angalau ndivyo nilivyojiambia.

Ukweli ni kwamba pale nilikuwa nimepatolea macho muda mrefu. Nilikuwa nimerudi nyumbani miaka michache kabla, ndoa ilipovunjika, na nilikuwa nalala katika chumba kilichopakana na jiko la mama. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna pia aliyeniuliza nitajenga wapi. Kwetu msichana ardhi yake iko kwa mumewe. Akirudi hupewa kikombe cha chai na pole. Sheria inasema vingine, najua, lakini sheria haijawahi kuja kukaa sebuleni kwetu. Nilitaka mahali pa nyumba ya vyumba viwili, na nilikuwa naogopa kuomba. Mimi ni mkali kwa wateja na kwa mashine za kuchapa, si kwa baba.

Basi nilitoa kitambaa cha mama juu ya meza ya sebuleni, nikapanga kurasa kumi na mbili, nikazibandika kwa selotepu. Zilikutana vizuri, hata kijito hakikuruka mahali. Nikaenda kusaidia kupeleka majani ya chai kituo cha kuuzia, nikaiacha ramani pale.

Niliporudi kaka mkubwa alikuwa amesimama juu yake, mikono mgongoni.

"Saveya alikuja lini kupima shamba?" aliniuliza.

"Hakuna saveya. Ni gemu."

"Gemu gani iko na choo yangu?"

Kweli, choo chake nilikuwa nimekichora, na mlango ukielekea upande wake halisi. Nilimweleza habari ya mteja na vijisanamu. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza muuza dawa. Halafu akaweka kidole chini, penye uwazi.

"Na hapa ni kwa nani?"

"Ni kambi ya majambazi."

Hakucheka. Baba alikuwa hajawahi kugawa shamba, na katika nyumba ya namna hiyo karatasi yenye miraba si mchezo. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Kaka alitoka nje na simu. Ndugu yetu mdogo anaishi Mulot, anauza ng'ombe, na methali ya asiyekuwepo na lake halipo anaijua vizuri. Kesho yake alifika kabla ya saa nne asubuhi, viatu vikiwa bado na vumbi la soko.

Walikaa wote wawili mezani, ramani katikati. Mama alileta chai, akatafuta pa kuiweka, akasema, "Ni karatasi tu," kisha akaweka sinia sakafuni ili asiiguse karatasi hiyo. Baba akaja kutoka kwa ng'ombe, akavua gambuti mlangoni, akavaa miwani. Aliitazama ramani muda mrefu. Nilianza tena kueleza gemu, akaniinulia mkono.

"Mraba moja ni futi ngapi?"

"Tano, baba."

"Basi shamba yetu umepunguza."

"Meza haingetosha."

Akakubali kwa kichwa. Kidole chake kikatoka barabarani, kikapita nyumba yake, kikapita boma, kikashuka na chai hadi chini. Nilikuwa nimejiandaa kusema nitazirudisha nepia, kwamba ni kazi ya dakika mbili.

"Hapa umetoa nepia," alisema.

"Ndiyo."

"Sasa mtu atafika hapa aje?"

"Kwenye gemu wanavuka kijito."

"Siulizi ya gemu."

Baba akachukua kalamu iliyokuwa kando ya kompyuta yangu, akanipa. "Chora njia. Toka barabara, fuata mikaratusi, mpaka hapo. Futi kumi na tano, pikapu ipite."

"Njia ya nani?" ndugu mdogo aliuliza.

"Ya mtu atakaa huko."

"Mzee, hiyo inaingia kwa chai yangu," kaka mkubwa alisema polepole. Chai ya upande ule huichuma yeye tangu alipooa.

"Najua. Itatoa laini mbili za michai. Mimi ndio nilipanda."

Ndugu mdogo alisimama, akasema anataka kuiwahi mvua, akaondoka. Kikombe chake kilibaki kimejaa kwenye sinia. Baba hakumzuia. Mimi niliweka rula juu ya karatasi, nikahesabu miraba mitatu kutoka kwenye mikaratusi, nikaanza kuvuta mstari. Mstari ukaenda upogo, mimi ninayemrudishia mwanamke wa saiba kazi kwa unene wa ukucha.

Nilipofika nusu ya mteremko kaka mkubwa alishika rula. Nilidhani ananizuia.

"Si hapo," alisema. "Hapo maji inasimama mwezi wa nne, gari itakwama. Pitisha huku juu."

Akaisogeza rula ndani ya chai yake, akaishikilia kwa vidole viwili ili nivute mstari. Niliangalia njia itakapopita. Huko juu zilikuwa zinatoka laini nne, si mbili, naye alikuwa anajua. Nilitaka kumshukuru. Badala yake nikavuta mstari.