Ulimi wa Mchoma Kuku

Asubuhi hiyo Fundi Kuku alichovya kidole kwenye bakuli la rojo la pilipili, akakilamba, akasubiri. Kimya. Akalamba tena, akasubiri kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamehama. Chumvi aliisikia kwa mbali. Ndimu pia. Lakini pilipili haikuuma hata kidogo.

Kijasho chembamba kikamtoka. Akageuka taratibu kumtazama mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko akimenya vitunguu saumu. Mkewe hakuwa ameona kitu. Moyo ukamrudi mahali pake, ila si wote.

Mambo yalianza kwa mzaha. Seremala wa jirani, mteja wake wa siku nyingi, aling'ata paja, akalirudisha kwenye sahani, akafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Fundi," alisema, "siku hizi unachoma kuku au unatuchoma sisi?"

Watu walicheka, na Fundi Kuku akacheka nao. Kisha akaenda nyuma ya ua, kwenye mpilipili uliootea ukingoni, akachuma pilipili moja nyekundu, akaitafuna na mbegu zake. Ilikuwa kama kutafuna jani. Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Aliwatazama wateja kwa jicho la pembeni. Mtu akikohoa, yeye hushtuka. Mtu akiacha kipande, yeye hulala na kile kipande kichwani.

Na leo anakuja dada yake mkubwa, ambaye hakuwa amerudi nyumbani tangu walipomzika mama. Kwenye simu alisema neno moja tu: "Usinihangaikie. Mimi nataka kuku wa mama."

Kuku wa mama alikuwa na historia yake. Wako wanaosema pilipili ililetwa zamani na watu wa merikebu, na wako wanaosema kuchoma kuku hivi kulianzia kwa wapishi wa majumba ya wageni. Fundi Kuku hakujua ya watu wote, alijua ya nyumbani kwao. Mama yake alikuwa mpishi kwa mhandisi mmoja mgeni, aliyependa kuku alowekwe kwenye mafuta, ndimu na kitunguu saumu. Mama alimwona kuku huyo amepoa kama mgonjwa. Siku moja akachuma zile pilipili ndogo zilizojiotea kwenye ua, mbegu zikiwa zimeletwa na ndege, akazitwanga, akazichanganya humo humo. Mhandisi alikula huku analia. Alipomaliza, alisukuma sahani aongezewe.

Fundi Kuku aliyashika yote hayo kwa kutazama. Kuku anapasuliwa mgongoni, anabanuliwa mpaka analala kama kitabu kilichofunguliwa, anachanjwa mapajani, analazwa kwenye rojo usiku kucha. Motoni mifupa hutangulia, ngozi baadaye, huku ukimpaka rojo kwa kifungu cha majani ya vitunguu. Hayo hata watoto wake waliyajua. Kipimo cha pilipili ndicho hawakukijua, kwa sababu hakikuwa kwenye kikombe wala kijiko. Kilikuwa kwenye ulimi wake. Na kama ulimi umekufa, kuku wa mama amekufa nao, na yeye atabaki mzee mwenye nusu pipa la kuchomea asilo na kazi nalo. Hilo ndilo lililomkausha mate.

Akajaribu ujanja.

"Mama watoto, hebu nionjee chumvi hapa."

Mkewe akainua uso. "Chumvi? Tangu lini wewe ukaonjewa?"

"Basi tu. Mate yangu machungu leo."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Acha, nimeshaona, iko sawa." Akalifunika bakuli haraka kama mwizi.

Dada mkubwa alifika jua likiwa juu. Alikuwa amenenepa na magoti yalimsumbua, lakini mdomo ulikuwa ule ule. Alikataa kukaa sebuleni, akavuta kigoda hadi kando ya jiko la mkaa.

"Nikae huko ndani nitazame ukuta? Nimekuja kumtazama kuku."

Fundi Kuku akageuza kuku, akampaka rojo. Macho ya dada yake aliyasikia shingoni kama jua. Kwa mazoea akachovya kidole, akakipeleka mdomoni, akalamba.

"Unafanya nini?" dada akauliza.

"Naonja."

"Unaonja?"

"Si ndivyo alivyofanya mama?"

Dada akamtazama, kisha akaanza kucheka, tumbo zima likicheza. "Mdogo wangu, mama alikuwa haonji. Mama alikuwa na vidonda vya tumbo. Pilipili hata punje haikupita mdomoni mwake."

"Nilimwona kwa macho yangu. Kidole, mdomo."

"Ulimwona ananusa. Kidole kiliishia hapa." Akagusa chini ya pua yake. "Kisha anakifuta kwenye nguo. Wewe ulikuwa mtoto, unatazama kutoka chini, ukaona mdomo."

Fundi Kuku alibaki na majani ya vitunguu mkononi. Maisha yake yote alikuwa akilamba kitu ambacho mama hakukilamba. Kumbe ulimi haukufa kwa ugonjwa. Aliuua mwenyewe, kidogo kidogo, akidhani anamfuata mama.

"Sasa alijuaje kipimo?" aliuliza.

"Kwa kunitesa mimi. Alidondosha tone kwenye kaa la moto, nami nasimama upande wa moshi. Nisipokohoa, anaongeza. Nikikimbia, imezidi. Nikikohoa huku nimesimama, basi imekaa. Unadhani kwa nini niliolewa mapema?"

Fundi Kuku hakucheka. Akatazama mlango wa jiko, akainama. "Dada, ulimi wangu umekufa. Sisikii pilipili. Huyu kuku sijui nimemfanya nini."

Mafuta yalichuruzika kwenye mkaa. Dada akajivuta, akasogeza kigoda upande moshi ulikoelekea.

"Dondosha."

Akadondosha. Hakuwahi kuogopa tone kama lile. Lilichemka, likatoa moshi mwembamba. Dada mkubwa, na magoti yake mabovu, aliruka, kigoda kikaanguka, akaenda kushika ukuta akikohoa, kamasi na machozi pamoja. Ndani ya jiko mkewe naye akakohoa, akatoka amejifunika pua.

"Baba watoto, ni nini hicho?"

"Ni rojo langu," alisema, na hakuwa tena na pa kujificha. "Mimi siisikii pilipili. Siku nyingi sasa."

Alitarajia kelele. Mkewe alikunja kitambaa, akakikunjua. "Mimi kipande changu nakiosha kwa maji kabla ya kula. Watoto pia. Niliogopa kukwambia, nikajua utaumia."

Wakamtoa kuku motoni, wakamfuta, wakamkamulia ndimu. Rojo wakalizidisha mafuta na ndimu, wakadondosha, wakaongeza, wakadondosha tena, mpaka dada mkubwa akakohoa akiwa ameketi, akainua mkono. "Hapo. Usiguse tena."

Wakampaka kuku rojo hilo, wakamrudisha motoni. Walipokula, Fundi Kuku hakutazama sahani yake. Alitazama mdomo wa dada yake. Dada alitafuna polepole, jasho likamtoka puani, akaacha kutafuna. Fundi Kuku akaacha kupumua. Kisha dada akavuta bawa la pili bila kuomba ruhusa.

Yeye mwenyewe alisikia moshi, chumvi na ndimu tu. Hofu haikumwondoka yote. Dada angerudi kwake, na wateja wangekuja.

Mkewe alikuwa akilamba vidole. Kipande chake hakukiosha. "Dada akiondoka," aliuliza, "mimi nikae upande gani?"

"Huko upepo unakoelekea," alisema Fundi Kuku, akamwokotea kile kigoda.