Jina Moja kwa Watu Wawili

Jumanne saa nne asubuhi, muuza vitambaa wa soko la Zhongda, hapa Guangzhou, alikataa kumpa mteja wa Kijapani majora yake sita. Oda ilikuwa na jina la ukoo wa baba yake, analofanyia biashara. Pasipoti ilikuwa na la mumewe. Mnunuzi mwingine alishaanza kuyapapasa majora hayo.

Mama wa Kizanzibari aliyekuwa mbele yangu, anayejua Kichina, alimuuliza Mjapani kulikoni, kisha akanigeukia.

"Anasema kwao sheria inataka mke na mume wawe na jina moja la ukoo. La nani, wachague wenyewe."

"Wanaume wanaochagua la mke ni wengi?"

Akamuuliza. Mjapani aliinua kidole kimoja, akakitazama, akakishusha.

"Maskini! Mie nishaachika mara mbili, mwanangu, na jina la baba yangu hakuna aliyeondoka nalo," alisema Mzanzibari, akalirudia kwa Kichina.

Muuzaji, ambaye naye ameolewa na bado anatumia jina la babake, alicheka bila kuondoa mkono juu ya majora.

Katiba ya Japani inasema mume na mke wana haki sawa. Mahakama ya Juu ya huko imeamua kuwa sheria hiyo haivunji katiba, kwa kuwa haitaji jina la nani lichukuliwe. Kwenye karatasi, sina cha kubisha.

Mjapani alimpigia mumewe simu ya video. Muuzaji akamwonyesha oda, mume akaitikia kwa kichwa kuwa ni ya mkewe.

"Ehee," alisema Mzanzibari, "sasa amekuwa yeye."

Saa tano kasorobo Mjapani alikabidhiwa majora yote sita.