Glovu Nyeupe za Kumsindikiza Cleophus

Wifi yangu Leontine alipika maharage mekundu kila Jumatatu tangu siku aliyoingia nyumbani kwetu Detroit. Iwe theluji, iwe mgomo kiwandani, Jumatatu ni maharage na wali. Mwanzoni nilidhani ni umaskini. Nikamwambia kaka yangu Cleophus, "Huyu mkeo hana pesa ya nyama?" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ardith, kwao New Orleans ndivyo wanavyokula Jumatatu. Mji mzima."

"Mji mzima? Basi wana taabu."

Sasa mjue mimi ni nani. Ni dada mkubwa wa Cleophus, nilimlea baada ya mama yetu kufariki. Kwa miaka mingi nimekuwa kiongozi wa wahudumu wa mlangoni kanisani kwetu, wale wanaovaa nguo nyeupe na glovu nyeupe. Sisi ndio tunaokuonyesha pa kukaa, na nikiinua mkono wakati wa sala, hata mjumbe wa baraza la mji atasubiri nje. Napenda mambo yakae sawa, sitaki kuficha. Leontine hakukaa sawa hata siku moja.

Kaka alimpata Oakland. Alikuwa anarudi kutoka vitani, jeshi likamshusha kule pwani ya magharibi, akatoka kambini kutafuta chai. Akamkuta msichana mwembamba, rangi ya maji ya kunde, nywele amezitimua duara kubwa, anawagawia watoto wa mtaa mayai na mkate kwenye ukumbi wa kanisa. Akamwomba na yeye. Msichana akamwambia, "Wewe ni mtoto?" Kaka akajibu, "Kwa leo, ndiyo." Akaletewa mayai. Alikuja naye kwetu kwa basi, na mzigo wake mkubwa ulikuwa sufuria.

Siku ya kwanza nilimuuliza jina. Akanyanyua ngumi kidogo, akasema, "Dada zangu wa harakati za weusi kule Oakland wananiita Zawadi."

"Zawadi ya nani?" nikamuuliza.

"Kwa sasa, yako," akasema, akaniangalia usoni bila kupepesa. Nikajua hapa nimepata mtu.

Jina lile halikukaa Detroit. Baba yangu alisema ulimi wake umezeeka, hauwezi kujifunza jina la Kiafrika, akamwita Leontine kama alivyobatizwa. Ile ngumi nayo ilishuka taratibu. Sisi Detroit tulikuwa na njia yetu ya kuwa weusi. Uwe na nyumba ya matofali yenye jina lako, kadi ya chama cha wafanyakazi mfukoni, gari uliloliunda mwenyewe kiwandani limesimama mlangoni, na kiti chako kanisani ambacho mgeni akikikalia watu wanakohoa. Leontine aliingia kiwandani, akashona viti vya magari, akagoma wakati wa kugoma. Lakini kanisani alikuwa anachelewa, na uji wa mahindi alikuwa anautia chumvi na siagi, hagusi sukari.

"Uji wa chumvi ni dawa ya minyoo," nilimwambia.

"Na wa sukari ni chakula cha kitoto, wifi. Ndiyo maana kaka yako alikuja kuomba mayai."

Tulibishana hivyo miaka na miaka, mezani, tukimenya viazi vitamu vya pai. Mimi nilimwambia watu wa Oakland walikuwa na maneno mengi na makoti ya ngozi, lakini nani kati yao aliyemaliza kulipia nyumba? Yeye akasema Oakland walimfundisha kujipenda. Halafu akacheka, akasema kule walimtazama rangi yake wakamuuliza kama ni mweusi wa kutosha, ndipo akazitimua nywele mpaka zikawa hazipiti mlangoni. Na kwao New Orleans, bibi yake alikuwa akimkataza kukaa juani asije akawa mweusi kupita kiasi.

"Kwa hiyo huku umezidi, kule umepungua," nikasema. "Na hapa Detroit je?"

"Hapa hamkuniuliza rangi. Mliniuliza nasali wapi."

"Sasa tungeuliza nini tena?"

Kwao alikuwa hapataji sana. Niliwahi kumbana. Mji gani huo wa kucheza ngoma barabarani, watu hawana kazi? Akaacha kisu mezani. "Wifi, kwetu hakuna aliyetukalisha kutufundisha sisi ni nani. Tulikuwa tunatembea tu nyuma ya wafu wetu, tukajua." Nikaona hayo ni maneno ya kujifanya. Nikabadilisha habari.

Baba yake Leontine alipokufa, Cleophus alikwenda naye New Orleans kuzika. Mzee yule alikuwa katika chama cha kufa na kuzikana, wale wanaovaa suti za rangi moja na mikanda begani. Kaka alirudi amebadilika. Alikaa jikoni kwangu, kofia ingali kichwani.

"Ardith, nikifa nizikwe vile."

"Vile vipi?"

"Wanatembea naye. Bendi inapiga polepole, inalia kabisa. Halafu ikifika mahali wanamwachia aende, na hapo ndipo wanapocheza, wanazungusha miavuli na kupunga vitambaa juu. Kumsindikiza kwa furaha."

"Thubutu! Kaka yangu hatachezewa barabarani."

Alikunywa kahawa yake akaondoka, na hakulitaja tena mbele yangu. Alimtajia mkewe tu.

Cleophus alifariki majira ya kuchipua, asubuhi, akiwa kwenye kiti chake cha dirishani. Hakuugua sana. Mimi ndiye niliyepigiwa simu ya kwanza, na namshukuru Leontine kwa hilo mpaka leo.

Siku ya pili tulikaa na Mchungaji Tolliver kupanga. Mimi nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani. Wahudumu mistari miwili, glovu nyeupe, akina mama wauguzi wa kanisa na mapepeo yao ya mkono, kwaya, kimya. Leontine akangoja nimalize.

"Ndani ya kanisa ni kwako, wifi," akasema. "Fanya unavyojua. Nje naomba nimtembeze. Aliniomba."

"Alikuomba wewe. Mimi nilimkatalia."

"Ndiyo. Ndiyo maana akaniomba mimi."

Niliwaka. Nilimwambia watu watapita na magari wakitupiga picha kwa simu zao, watasema angalia weusi hawa, hata msiba wanaufanya karamu. Nilimwambia nimemnyoa mtoto yule nywele nikiwa mtoto mwenyewe, nimemfungia viatu, na sitaki arukiwe rukiwe na watu wenye miavuli. Mchungaji akaangalia dari.

Leontine hakupandisha sauti. "Wifi, nimeishi kwenu maisha yangu yote ya ndoa. Nimekula uji wenu. Nimezika watu wenu wote kwa desturi yenu, na glovu nilivaa uliponipa. Sijawahi kuwaomba kitu cha kwetu, ukiacha Jumatatu. Huyu ni mume wangu. Naomba mitaa michache tu, kutoka mlangoni hadi barabara kubwa."

Nikasema, "Mitaa michache."

Bendi ikatafutwa. Detroit tuna wapigaji wazuri, asikudanganye mtu. Bwana Dorsey, aliyewahi kufundisha bendi ya shule, alikusanya wazee wenzake wenye matarumbeta na ngoma. Leontine akataka kukaa nao awaeleze. Dorsey akamwambia, "Mama, pumzika na msiba wako. Tunajua. Tumeona kwenye televisheni."

Ibada ilikwenda kama saa. Kwaya iliimba vizuri, hakuna mtoto aliyelia ovyo. Jeneza likatolewa, likaingizwa kwenye gari, gari likasimama tayari chini ya ngazi. Mchungaji na watu wa maziko wangetangulia naye makaburini, sisi tungewafuata kwa magari baadaye.

Hapo Dorsey akapuliza, na bendi nzima ikalipuka. Wimbo wa mbio, wa shangwe, ngoma zinaruka! Walikuwa wameona nusu ya pili tu kwenye hiyo televisheni yao. Watu wetu, ambao siku zote hukaa sawa, wakaona kumbe ndiyo mambo yenyewe. Mmoja akafungua mwavuli. Mwingine akatoa kitambaa cha mezani, sijui alikitoa wapi, akaanza kukizungusha. Wanakanyaga ngazi huku wanacheka na kulia.

Nikasema moyoni, si nilisema? Nikageuka kumtafuta Leontine nimpe jicho.

Alikuwa amesimama ngazi ya juu kabisa, hasogei. Kofia yake nyeusi ameishika kifuani. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo, hata alipofiwa na baba yake. Nikamsogelea.

"Wifi," akasema, "wanamfukuza."

"Nini?"

"Wanamfukuza. Hajaaga mtu. Hata mlango hajauacha, wanamwambia toka, nenda." Machozi yakamtoka. "Nilimwahidi nitamtembeza."

Nikayaelewa pale pale maneno yale ya kutembea nyuma ya wafu, niliyoyapuuza mezani miaka yote ile. Nilikuwa nimeogopa kaka yangu asije akachezewa, na sasa alikuwa anachezewa kweli, na aliyekuwa anaumia kuliko mimi ni yule aliyeomba ngoma.

Nikashuka ngazi mbili, nikanyoosha mgongo, nikainua mkono wa kulia, kiganja mbele, glovu nyeupe.

Weee! Hawa wote wamelelewa kanisani. Tangu wanajifunza kutembea, wakiona mkono ule wanajua hapiti mtu. Mwavuli ukafungwa. Kitambaa kikapotea mfukoni. Dorsey, mzee mzima, akakata wimbo katikati kama mtoto aliyekutwa anatafuna peremende kwenye sala.

Nikamwambia Leontine, "Haya. Mimi nimewasimamisha. Niambie sasa kinachofuata."

"Anza polepole, Bwana Dorsey," akasema kwa sauti ndogo. "Wimbo wowote wa mama yako wa kanisani, lakini uuburute." Halafu akanigeukia. "Na mbele ya gari lazima awepo mtu. Kwetu ni mwanachama mkubwa, mwenye mwendo. Unatoa mguu, unausimamisha, mwingine unaufuata. Huangalii pembeni."

"Leontine, huo ni mwendo wetu. Ndivyo tunavyoingia kanisani Jumapili ya wahudumu."

Akanitazama, akafuta pua. "Najua, wifi. Nimekuwa nikiutazama miaka yote."

"Na hukusema?"

"Ungesema nimekuibia."

Basi nikakaa mbele. Mkono mmoja nyuma ya kiuno, mwingine ubavuni, mguu, simama, mguu, simama. Nyuma yangu gari la kaka yangu linatambaa, na nyuma ya gari Leontine, na nyuma yake watu. Tarumbeta la Dorsey lililia kweli safari hii. Tulipita viwanja vitupu palipokuwa na nyumba za jirani zetu, tukapita kinyozi aliyekuwa akimnyoa Cleophus. Kinyozi alitoka nje, mteja akatoka na taulo shingoni. Gari likaja upande wa pili, dereva akalizima akavua kofia. Hakuna aliyetucheka. Nililia bila kujifuta, kwa sababu mhudumu akiwa kwenye mwendo hajifuti.

Tukafika barabara kubwa. Nikasimama. Bendi ikanyamaza. Leontine akaja ubavuni kwangu.

"Hapa ndipo," akasema. "Aliye mbele ndiye humwachia. Unapisha tu, gari linapita."

"Pisha wewe. Wewe ndiye mke."

"Mimi nimemtembeza. Ahadi yangu imetimia. Wewe ndiye uliyemshika kwanza."

"Siwezi, Leontine."

"Basi tutasimama."

Tukasimama. Taa ikawaka kijani, ikawaka nyekundu, tena kijani. Nyuma kuna aliyepiga honi, akanyamazishwa. Wifi yangu hakunisukuma, hakunishika mkono, hakuniambia neno la faraja. Alisimama na mimi kama anayengoja basi. Nikamkumbuka Cleophus jikoni kwangu, kofia kichwani, nilipomjibu vibaya akanywa kahawa yake akaondoka.

Nikatoa hatua kando.

Gari likapita taratibu. Niligusa ubavu wake kwa ncha za vidole mpaka lilipokwisha. Likaingia barabara kubwa, likashika mwendo.

Nikageuka, nikamkuta Dorsey ameweka tarumbeta mdomoni, hapulizi, ananiangalia mkono. Wote walikuwa wananiangalia mkono. Baada ya nilichowafanyia pale ngazini, nani angethubutu kuanza bila ruhusa yangu? Na mimi, kwa miaka yote niliyovaa glovu, ninayo ishara ya kusimamisha, ya kukaa, ya kufungua mlango, ya kuita muuguzi. Ya kumruhusu mtu kucheza sina.

Nikavua glovu. Nikaishika kwa ncha, nikaipunga kuelekea kule gari lilikokwenda, kidogo, usawa wa bega.

Bendi ikalipuka nyuma yangu.

"Ipandishe juu, wifi," Leontine akasema, na miguu yake ilikuwa imeshaanza. "Kashafika mbali."