Kiti cha Abdulhakim

Abdulhakim, fundi wa mashua wa kisiwa cha Kudhaa, aliutamani uenyekiti wa wavuvi kupita kiasi. Lakini watu walimtaka shemeji yake, Zubeiri. Basi Abdulhakim akavumisha kwamba Zubeiri huzionyesha meli za kigeni penye samaki. Watu wakaamini. Zubeiri akahamia Kismayu kubeba magunia bandarini, na Abdulhakim akakikalia kiti.

Miaka miwili watu walimpisha kila alipoingia. Nyumbani, mkewe Sumeya alimwandalia chakula, lakini hakula naye tena.

"Kakangu hakufanya hayo," alimwambia, "nawe wajua."

Hilo ndilo lililomshinda. Ijumaa moja baada ya swala alisimama msikitini akasema, "Zubeiri nilimsingizia." Akauacha uenyekiti, akapanda boti kwenda Kismayu.

"Shemeji, nimekuja kukuomba radhi."

Zubeiri akatua gunia. "Umeyasema mbele ya watu?"

"Wote."

"Basi ningoje, niwaage wenzangu."

Siku hizi mwenyekiti ni Zubeiri. Alasiri hupita kutazama mashua ikiundwa, na akisema ubao umekwenda upande, Abdulhakim huung'oa, akaupiga randa upya, huku akijiimbia.