Shingo ya Mama wa Mbalizi

Mtihani wa mwisho wa tiba ya mikono haufanywi kwa karatasi. Unapewa mgonjwa na kitanda, na mkufunzi anasimama nyuma yako. Mgonjwa wangu, pale chuoni Mbeya, alikuwa mama mkulima wa viazi kutoka Mbalizi, aliyezoea kubeba mizigo kichwani. Shingo ilimkaza tangu mavuno. Mkufunzi aliniagiza niifungue kwa mbinu ya kuizungusha kwa haraka mpaka kiungo kilie. Usipoionesha, hujafaulu.

Nieleze kidogo. Mbinu hiyo inafaa kwa shingo iliyokaza tu. Lakini kama neva kuu inayopita ndani ya mifupa ya shingo imebanwa, mzunguko mmoja unaweza kumwacha mtu bila miguu. Ndiyo maana unauliza kwanza.

Niliuliza. Nilianza na shikamoo, kama nilivyolelewa kwetu Kihesa, Iringa, nikaendelea: habari za nyumbani, watoto, shamba, mikono haina ganzi, miguu ina nguvu? Yote akajibu nzuri, hamna shida, tunamshukuru Mungu. Akalala chali, nikakipokea kichwa chake viganjani.

Hapo nikasita. Sisi watu wa huku milimani salamu zetu ni ndefu, na ndani ya salamu hakuna anayeumwa. Hata aliyefiwa hujibu nzuri kwanza, ndipo aeleze. Maswali yangu ya tiba yalikuwa yamepita ndani ya salamu, naye alinijibu kwa adabu.

Mkufunzi akanikumbusha kuwa muda unakwenda. Nikamwomba mama akae, avue sweta. Vidole vyake vilihangaika na kifungo cha juu, kikateleza, akacheka.

“Siku hizi wajukuu ndio wananifungia,” alisema. “Wananiita mtoto wa chekechea.”

Nikavuta stuli, nikamuuliza upya, polepole, jambo moja moja. Akasema vikombe vinamponyoka, na shambani anayumba kwenye matuta kama mlevi. Lakini huo ni uzee, hakuja kwa hilo.

Nikasimama, nikamgeukia mkufunzi.

“Mwalimu, shingo hii siizungushi.”

“Unajua nimekuja kupima nini?”

“Najua, mwalimu.”

Mkufunzi alinipita. Alichukua kinyundo, akamgonga mama chini ya goti, mguu ukaruka kuliko kawaida. Akagonga wa pili. Kisha akaufuata mlango, akaagiza kola ya shingo na kiti cha magurudumu, na picha ipigwe mara moja.

Kola mama aliikubali, kiti akakigomea. Alikuja kwa miguu yake, alisema, na watu wa Mbalizi wakimwona anasukumwa watamcheka mpaka Krismasi. Mkufunzi akanitazama mimi. Nikachuchumaa mbele ya mama.

“Mama, neva inayopeleka nguvu miguuni imebanwa hapo shingoni. Ukianguka leo, huenda usiinuke tena. Tukiwahi, miguu inaweza kubaki yako.”

Aliitazama miguu yake. Kisha akaketi kwenye kiti.

Mkufunzi aliniambia nitarudia mtihani kwa mgonjwa mwingine, kwa kuwa mbinu hakuiona. Akashika mlango ili tupite. Nikasukuma kiti taratibu, nikiogopa kila ufa wa sakafu, huku mama akiniuliza kama kwetu Iringa nako mvua zimeanza.